Theluthi Mbili za Sabuni

22 Januari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na siha njema, goti lako limepoa, na nyundo yako inaendelea kuwaamsha majirani kwa saa ile ile. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na kwa kuwa ukuta huo ni mweupe, nimeanza kuupenda kama watu wanavyopenda mandhari. Wape salamu Baba na Mama. Mwambie Baba miwani ile ilinunuliwa ivaliwe usoni, si mfukoni.

Baada ya salamu, naomba kukuarifu rasmi kwamba nimepokelewa katika kiwanda cha sabuni ya maji kwa kipindi cha majaribio cha miezi mitatu. Mwisho wa Machi kamati itakaa na kuamua kama nitathibitishwa kazini. Nimeazimia kuwaonyesha kwamba shahada yangu haikuwa ya kutundikwa ukutani.

Kazi yangu inahusu tangi kubwa la kuchanganyia, lenye umbo la faneli: mdomo juu, ncha chini. Kina chake ni mita nne, na kutoka katikati ya mdomo hadi ukingoni ni mita mbili. Pampu inaingiza lita sitini kila dakika, wala haibadiliki. Lakini uso wa sabuni hupanda haraka chini, na kadiri unavyokwenda juu hupanda polepole, kwa sababu tangi linapanuka. Hapo ndipo kalkulasi inapohitajika, Shangazi. Hesabu za kawaida hushughulika na vitu vilivyotulia. Kalkulasi inakiuliza kitu kinachobadilika: sasa hivi, katika dakika hii hii, unakwenda kasi gani? Nimekokotoa kwamba sabuni ikifika kina cha mita mbili, uso wake unapaswa kupanda sentimita sita kasoro kidogo kwa dakika.

Nina ombi. Nataka kuieleza kamati jambo hili kwa vitendo. Tafadhali nitengenezee koni ya bati, mfano mdogo wa tangi letu: kina sentimita arobaini, na sentimita ishirini kutoka katikati ya mdomo hadi ukingoni. Maji yakiwa nusu ya kina, yaani sentimita ishirini, mtu akimimina chupa moja ya soda ya mililita mia tatu, yatapanda karibu sentimita tatu. Itawapendeza sana.

Mwanao mtiifu,
Mtaalamu wa Vipimo (wa majaribio)

---

9 Februari

Kikokotoo wangu,

Marahaba, mara mbili, moja ya leo na moja ya akiba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, maana mara ya kwanza nilidhani imetoka serikalini.

Huku tupo. Goti limepoa upande mmoja. Baba yako sasa anavaa miwani akiwa peke yake tu. Juzi niliingia bila hodi nikamkuta nayo, akaivua haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mama yako amemwambia muuza mkaa kwamba binti yake anapima kasi kiwandani, na sasa muuza mkaa anaamini wewe ni trafiki. Sijamsahihisha.

Koni nitaitengeneza. Mwaka huu nimeshatengeneza mafaneli ya mafuta ya taa, ya petroli, na moja la mganga wa mifugo ambalo sikuuliza la nini. La kamati sijawahi. Nitalehemu kwa mkono wangu, ukingo nitaukunja usiwakate mabosi vidole, na chini nitaweka miguu mitatu isimame.

Umeniandikia tangi lote, kina na mdomo na ncha, lakini hukusema ni nani anayekaa nalo. Tangi haliwezi kujiendesha. Nani anafungua na kufunga? Mnasalimiana? Na je, umepata rafiki hata mmoja asiyekuwa ukuta?

Shangazi yako,
Fundi Bati

---

15 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya, majukumu yameniandama. Nafurahi kusikia habari za muuza mkaa. Mimi sijambo, isipokuwa mafua yaliyonipata wiki iliyopita na kuondoka bila kuaga.

Uliniuliza ni nani anayekaa na tangi. Ni mwendesha pampu mmoja wa makamo, wote wanamwita Bwana Pampu. Ana miaka kumi na tisa pale. Hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na vali, na hasemi neno moja pale ambapo hata nusu ya neno ingetosha.

Nasikitika kukuarifu kwamba nimegundua jambo zito. Nilipima mwenyewe kwa rula ndefu, mara saba, siku saba tofauti. Kwenye kina cha mita mbili sabuni haipandi sentimita sita kwa dakika. Inapanda mbili, tena mbili zenyewe hazitimii. Maana yake, Shangazi, ni kwamba theluthi moja tu ya sabuni ndiyo inayofika tangini. Theluthi mbili zinaishia njiani.

Niliandika taarifa ya kurasa kumi na moja, yenye michoro. Meneja wa uzalishaji aliisoma hadi mwisho, akasema hajawahi kuona taarifa iliyoandaliwa vizuri namna ile. Tuliitwa wote ofisini. Bwana Pampu alipoulizwa, alisema tuchukue pipa la lita mia mbili, tulijaze kwa pampu, na tutazame saa. Nilimjibu kwamba pipa likijaa kwa wakati litathibitisha tu kuwa pampu ni nzima, na hapo itabaki kuwa tatizo si pampu bali mwenye pampu. Meneja alitikisa kichwa kukubali. Hoja ilikuwa imekaa vizuri sana.

Leo amesimamishwa kazi kwa siku kumi na nne, hadi tarehe 29, kamati itakapokaa kuamua hatima yake. Ni kamati hiyo hiyo itakayoamua yangu. Nakuomba sana unitumie koni kwa basi la kwanza.

Kuhusu marafiki, nipo mbioni.

Mwanao,
Mtaalamu wa Vipimo

---

18 Machi

Kikokotoo wangu,

Marahaba. Baba yako mzima, mama yako mzima, muuza mkaa anauliza kama unaweza kumsaidia kaka yake aliyenyang'anywa leseni. Nimemwambia utaangalia.

Koni ndiyo hiyo. Nimeifunga kwa gunia na magazeti, ukiifungua usivute kwa pupa. Ila kabla ya kuifunga niliijaribu, kama ninavyojaribu kila kitu kinachotoka hapa dukani. Nilitia maji hadi sentimita ishirini barabara. Nikamimina chupa moja ya soda, taratibu, dakika nzima, kama ulivyoandika. Nikapima.

Yalipanda sentimita moja, tena haikufika.

Nikasema, fundi, umezeeka, koni inavuja. Nikaipangusa, nikaisimamisha juu ya karatasi kavu saa mbili. Karatasi haikupata hata tone. Nikarudia na chupa nyingine, ya duka lingine. Sentimita moja kasoro. Nikamwita jirani yangu kinyozi ajaribu yeye, maana huenda mkono wangu una mkosi. Moja kasoro.

Sasa mimi kalkulasi siijui, hiyo ni mali yako. Lakini duara nalijua. Pale kwenye sentimita ishirini, uso wa maji ni duara lenye sentimita kumi kutoka katikati. Nikakata bati la duara hilo hilo, nikalizungushia ukingo wa sentimita moja, likawa kama kifuniko cha sufuria. Nikamimina chupa moja ya soda. Kikajaa karibu na ukingo, hakikumwagika. Nimekuwekea humo ndani ya gunia ukione.

Kwa hiyo, mwanangu, kwa hesabu yako ni kwamba hata hapa dukani kwangu theluthi mbili za maji zinapotea. Tulikuwa watu wawili tu, mimi na kinyozi. Kinyozi namwamini. Basi andika kurasa nyingine kumi na moja, uwaambie wanisimamishe na mimi.

Shangazi yako, mshukiwa

---

26 Machi

Kikokotoo,

Sijapata jibu. Siulizi kwa sababu ya koni. Nauliza kwa sababu huwa unaandika hata ukiwa huna la kusema.

Mama yako anaota kamati yako kila siku na anaisimulia wakati wa chai. Jana mwenyekiti alikuwa na masharubu. Kinyozi ananiuliza kila asubuhi kama tumeshakamatwa.

Sina haraka. Lakini huyo mwenye pampu, kama ana familia, nadhani wao wanayo.

Shangazi

---

30 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Natumaini wote wazima, na kwamba kinyozi analala vizuri sasa.

Naona ni wajibu wangu kukueleza kosa lilipokuwa, kwa sababu ni kosa dogo sana lenye matokeo makubwa. Ujazo wa koni ni theluthi moja ya eneo la uso wake mara kina. Nilipotafuta kasi, niliharakisha kuweka namba: nikasema uso una mita moja kutoka katikati, nikaifungia hapo, kisha ndipo nikauliza sabuni inapanda kwa kasi gani. Ni mazoea ya chumba cha mtihani. Ukiweka namba mapema, karatasi inaonekana safi. Lakini uso haukai mahali. Sabuni ikipanda, uso nao unapanuka, na kalkulasi inataka uviache vyote vitembee kwanza, kisha ndipo uviweke namba. Ningefanya hivyo, ile theluthi ingejifuta yenyewe, na jibu lingekuwa mbili kasoro, kama rula ilivyosema, na kama kifuniko chako kilivyosema. Kwa kuufunga uso, nilizidisha kasi mara tatu kamili. Sabuni yote ilikuwa inafika tangini siku zote.

Jana kamati ilikaa. Niliweka koni mezani, nikatia maji, nikamimina chupa. Mwenyekiti, ambaye hana masharubu, aliinama kupima mwenyewe. Alipotaja moja kasoro, nilisimama nikasema taarifa yangu ilikuwa na makosa, kwamba Bwana Pampu hana hatia, na kwamba hata lile pipa alilolitaka lingetufaa kama ningekuwa tayari kumsikiliza. Meneja alikuwa akifunua zile kurasa kumi na moja kama mtu anayetafuta funguo. Mwenyekiti aliniuliza niligundua lini, nikamwambia hivi karibuni.

Uamuzi ni kwamba Bwana Pampu anarudi kazini Jumatatu, kwa barua ya kumwomba radhi. Mimi sijathibitishwa. Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Tafadhali mweleze Mama kwa lugha utakayoona inafaa.

Mwanao,
(cheo kimeahirishwa)

---

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako nimemwambia kwamba wamekupenda hadi wameomba wakujaribu tena. Baba yako alisikia, akavaa miwani mbele ya watu wote, akanitazama, akaivua. Amejua.

Umefanya la kiume kwa mwanamke, kusimama mbele ya watu na kusema nilikosea. Mimi nimetengeneza mafaneli miaka ishirini na sita, na yaliyovuja nilisema bati lilikuwa bovu. Kwa hiyo nakupa heshima, na nakupa mikono miwili.

Halafu naomba uniruhusu niwe mshukiwa kidogo tena. Wewe ni mtu wa kuniandikia sentimita na nusu zake. Nikikuuliza habari ya mafua, unanipa siku yaliyoingia na siku yaliyotoka. Sasa mwenyekiti amekuuliza lini, na wewe umemwambia hivi karibuni.

Konda wa basi alipita dukani juzi kuchukua ndoo zake. Ana daftari la vifurushi. Sikumwomba, alilifungua mwenyewe kunionyesha mtu mwingine aliyekataa kusaini. Jina lako lilikuwa mstari wa juu yake, sahihi yako ile yenye mkia mrefu. Tarehe 20.

Sihitaji unijibu mimi. Si mimi niliyekaa nyumbani.

Shangazi yako

---

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za ukuta leo.

Kifurushi kilifika tarehe 20 asubuhi. Nilijaza koni kwenye beseni la kufulia, nikaona, nikachukua karatasi. Kosa nililipata kabla chai haijapoa. Haikuchukua hata robo saa. Nikakaa nalo siku tisa.

Nilijiambia nahakiki. Nilihakiki mara kumi na mbili, na kila mara nilikuwa najua jibu kabla ya kuanza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepanga kamati inithibitishe kwanza, kisha nitafute namna ya kusema, labda kama marekebisho, labda kwa kurasa chache. Barua yako ya tarehe 26 ilinifikia siku moja kabla ya kikao. Nisingependa ufikiri nilisimama kwa ujasiri. Nilisimama kwa sababu ya ule mstari wako wa familia.

Barua yako ya mwisho niliipata Jumamosi. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwenye pampu. Alikuwa amekaa kwenye ndoo yake. Nilishamwomba radhi aliporudi, mbele ya meneja, naye alinipa mkono akasema hesabu ni hesabu, hata yeye hukosea. Safari hii nilikuwa peke yangu. Nilimwambia kwamba sikumweleza yote, kwamba nilijua tangu tarehe 20.

Hakunitazama. Aliinama akaisikiliza pampu. Kisha akaanza kusimulia, Shangazi, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Kwamba aliwaambia wanawe yuko likizo. Kwamba ili likizo ionekane ya kweli aling'oa mlango wa jikoni, ambao haukuwa na shida yoyote, akaupiga randa siku nzima, akaurudisha, na kesho yake akaung'oa tena. Kwamba binti yake mdogo alimuuliza mlango unaumwa nini. Alisimulia kana kwamba ni kichekesho, na nilipojaribu kucheka nilishindwa.

Halafu akahesabu kwa vidole.

"Kumi na nne," akasema. "Kwa hiyo za hesabu zilikuwa tano."

Nikasema ndiyo.

"Hizo tano nilishazisamehe."

Akageuza vali kidogo, akaangalia kipimo.

"Hizi tisa ndiyo nazisikia leo. Sijui bado. Kaa, sabuni ikifika mita mbili uniambie."

Hapakuwa na mahali pa kukaa, nikachuchumaa. Ilipofika mita mbili nilimwambia. Akasema asante, akaendelea na kazi, na mimi nikaenda ofisini miguu imekufa ganzi. Jumanne nilirudi nikachuchumaa. Jumatano pia. Hatujazungumza habari ya zile tisa, wala sijauliza.

Leo asubuhi nilipofika, kulikuwa na ndoo ya pili iliyopinduliwa, kando ya ile yake. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema nikae, sabuni inaanza kupanda.

Mwanao